Sauti ya Damu na Sauti ya Umati



Katika kigango kimoja cha jimbo letu wako akina mama wawili ambao kwa miaka mingi walichota maji katika kisima kimoja, na siku ya Bwana walikaa katika benchi moja. Mwaka juzi, wakati wa mavuno, mtoto wa mmoja alimpiga mtoto wa mwenzake kwa rungu katika ugomvi wa kilabuni. Kabla ya kupambazuka yule aliyepigwa alikuwa amekwisha kufa. Mpigaji alikamatwa, akashtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, akakaa mahabusu. Kesi ilipofika mbele ya jaji, ilionekana kwamba nia ya kuua haikuthibitika; basi akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka minane.

Wiki ile ile mama wa marehemu alifika nyumbani kwetu, akakaa kibarazani kwa muda mrefu bila kusema. Hatimaye alisema hivi: "Padre, nilikaa mahakamani siku tatu. Waliniuliza kama maiti niliyoonyeshwa ilikuwa ya mwanangu, nikasema ndiyo. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza neno jingine. Wakili akasimama akaeleza kwamba mshtakiwa ni kijana, ana mke, ana mtoto mchanga, na anajuta. Yote hayo ni kweli, nami nayajua. Lakini mwanangu naye alikuwa kijana. Mbona yeye hakuwa na wa kumsemea?"

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile.

Kisha zikaja barua. Nyingine zilikuwa na majina, nyingine hazikuwa nayo. Na karibu zote zilitoka kwa watu wasiowajua wale akina mama wawili. Mmoja aliandika kwamba miaka minane ni matusi kwa wafu. Mwingine alitaka jaji aondolewe kazini. Wa tatu alisema kwamba mahakama zikiendelea hivi, watu wasilaumiwe wakijichukulia sheria mikononi. Barua ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote, nayo iliandikwa kwa mkono wa katekista kwa niaba ya mama wa mfungwa. Hakulalamika juu ya kifungo. Aliuliza neno moja tu: kwa nini gazeti hili lilimwita mwanawe "muuaji" miezi mingi kabla jaji hajasema neno lolote?

Tulilitafuta toleo lile. Ni kweli. Tuliandika hivyo.

Kwa sababu hiyo leo hatuandiki kama watu wasio na hatia wanaowafundisha wengine. Tunaandika kama watu waliopaza sauti pamoja na umati, na ambao sasa wanapenda kujiuliza pamoja nanyi: mahakama inapopima adhabu, machozi ya wenye msiba yawe na nafasi gani? Na kelele za watu, je, zina nafasi yoyote?

Mungu husikia damu

Kesi ya kwanza ya mauaji katika Maandiko Matakatifu haikuwa na shahidi. Ndugu wawili walikwenda shambani, akarudi mmoja. Lakini Mwenyezi Mungu alimjulisha Kaini kwamba damu ya nduguye ilikuwa ikilia kutoka katika ardhi. Tazameni utaratibu wake: kabla ya hukumu kutamkwa, Hakimu wa mahakimu alikuwa amekwisha kumsikia aliyedhulumiwa. Marehemu hakuwa kitambulisho cha kesi tu. Alikuwa na sauti, na sauti yake ilifika.

Kesi hiyo hiyo ina sehemu ya pili ambayo wengi wetu huisahau. Kaini aliadhibiwa: ardhi ilimnyima mazao yake, akawa mtu wa kutangatanga. Lakini alipoogopa kwamba kila atakayekutana naye atamwua, Mungu alimtia alama ili mtu yeyote asimwue. Aliadhibiwa, wala hakutupwa mikononi mwa umati. Basi, katika mistari michache tunayo mambo mawili ambayo sisi wanadamu hatujafaulu kuyashika kwa mkono mmoja: damu isikilizwe, na mkosaji akingwe na hasira ya watu.

Wazee wetu walilijua jambo la kwanza. Katika makabila mengi ya nchi hizi mauaji yalikuwa shauri la koo mbili. Wenye msiba walikaa mbele ya wazee, wakasema walichopoteza, na ng'ombe wa fidia wakatolewa. Mama wa marehemu hakuuliza ni nani atakayemsemea mwanawe, maana ukoo mzima ulimsemea. Lakini tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Ukoo wenye nguvu ulilipwa, ukoo dhaifu ulinyamazishwa. Na fidia ilipokataliwa kisasi kilifuata, na damu moja ikawa damu kumi.

Ndiyo sababu serikali ilichukua kesi za jinai mikononi mwake. Leo karatasi za mahakama haziandiki ukoo wa fulani dhidi ya ukoo wa fulani. Zinaandika Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Maana yake ni kwamba anayeua haumizi nyumba moja tu, bali anavunja amani ya wote. Na kwamba damu ya mtu asiye na ndugu ina thamani ile ile ya damu ya mtoto wa tajiri. Hilo ni jema na kubwa, wala tusikubali kulipoteza. Lakini ilipochukua kesi, serikali ilichukua pia kiti cha mwenye msiba. Yule mama akawa shahidi wa utambulisho wa maiti, basi.

Ulimwengu umeanza kuliona kosa hilo. Mwezi wa Novemba 1985 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio juu ya haki za watu waliotendewa jinai, ukataka maoni yao na mahangaiko yao yasikilizwe katika hatua zinazofaa za kesi, pasipo kumdhulumu mshtakiwa. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria ya kuwalinda watu hao, na mahakama zao huweza kupokea maelezo ya madhara waliyoyapata kabla ya kutoa adhabu.

Tena tusidhani kwamba sauti ya watu wengi ni mbaya siku zote. Mwaka 2013, huko Busia, magharibi mwa Kenya, msichana wa miaka 16 alishambuliwa na kundi la wanaume, akanajisiwa, akatupwa shimoni. Wachache waliokamatwa waliamriwa kufyeka nyasi za kituo cha polisi, kisha wakaachiliwa. Nyasi, ndugu zangu! Watu zaidi ya milioni moja, ndani na nje ya Kenya, walitia sahihi ombi la kudai haki, na wengine wakaandamana Nairobi. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2015 watu watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja. Pasipo sauti ile, msichana yule angekuwa amesahauliwa. Umati ule haukumwambia hakimu idadi ya miaka. Ulidai tu kwamba mlango wa mahakama ufunguliwe. Tafadhali ishikeni tofauti hiyo, maana tutairudia.

Kilio si mizani

Hapa kuna ugumu, nao hauondoki kwa maneno matamu.

Fikirini wafu wawili. Wa kwanza ni mwalimu aliyependwa na mji mzima. Siku ya hukumu mahakama imejaa ndugu, wanafunzi na wajane wa jamaa yake, na kila anayesimama analia. Wa pili ni mzururaji, mlevi, asiyejulikana kwao ni wapi. Siku ya hukumu viti ni vitupu. Wameuawa kwa silaha moja na kwa ubaya ule ule. Je, muuaji wa kwanza afungwe zaidi kwa sababu machozi ni mengi? Tukisema ndiyo, tumekubali kwamba damu ya asiyeliliwa na mtu ni rahisi. Nasi tunamwamini Mungu ambaye tangu zamani alijiita Baba wa yatima na mtetezi wa mgeni.

Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisumbuka na jambo hili. Mwaka 1987, katika kesi ya Booth, majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba baraza la wananchi linaloamua kama mtu auawe lisisomewe maelezo ya huzuni ya jamaa, kwa kuwa yatawasha moyo na kuizima akili. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1991, katika kesi ya Payne, majaji sita dhidi ya watatu waliigeuza hukumu ile. Mama mmoja na binti yake mdogo walikuwa wameuawa. Mtoto wake wa kiume alinusurika, na bibi yake alieleza jinsi mtoto yule alivyoendelea kumlilia mama yake. Majaji waliona kwamba si haki mshtakiwa aelezwe kama mtu kamili, mwenye utoto na majuto, na marehemu abaki jina tupu. Ndiyo hoja ile ile ya mama wa kigangoni, naye hajasoma sheria hata siku moja.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili ziligusa ukweli, na kwamba njia iko katikati. Mwenye msiba asikilizwe juu ya kile alichopoteza, maana hakuna mwingine anayeweza kukisema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini asiulizwe idadi ya miaka. Kwanza, kwa ajili ya haki: katika nyumba moja baba atataka kitanzi na mama atasamehe, na maisha ya mfungwa hayawezi kutegemea ni nani kati yao aliyewahi kusimama. Pili, kwa ajili ya mwenye msiba mwenyewe. Mtu aliyefiwa amebeba mzigo wa kutosha. Ukimkabidhi na upanga, umemwongezea mzigo ambao huenda akaujutia akiwa peke yake usiku. Mwezi wa Septemba 2020, katika kesi ya Waswa, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata njia ya namna hiyo: aliyetendewa jinai ana haki ya kushiriki na kusikilizwa, lakini hageuki kuwa mwendesha mashtaka wa pili.

Mwenye jeraha ndiye ajuaye jinsi linavyouma. Lakini kilio si mizani, na jaji anayepima kwa machozi atapima vibaya siku ile yatakapokosekana.

Umati mbele ya liwali

Iwapo sauti ya mwenye msiba yahitaji mpaka, sauti ya watu wasio na msiba yahitaji mipaka miwili.

Kila Ijumaa Kuu tunasoma habari ya liwali mmoja wa Kirumi. Aliichunguza kesi, asione kosa. Alijaribu kuwaridhisha watu kwa adhabu ndogo, akaamuru Mtu asiye na hatia apigwe mijeledi. Haikutosha. Aliwauliza watu ni nani afunguliwe, wakamchagua Baraba. Akauliza afanye nini na Yesu, wakampa hukumu iliyo tayari. Kisha akaagiza maji, akanawa. Pilato hakumchukia Bwana wetu. Aliogopa ghasia, akaogopa kupoteza cheo. Hakimu mwoga ana hatari kubwa kuliko hakimu mkali, kwa sababu kwa mkali waweza kukata rufani kwa sheria, lakini mwoga huikimbia sheria ile unayoitegemea.

Husemwa, wengi wape. Methali hiyo yafaa katika kugawa chakula na katika kuchagua viongozi. Haifai shingoni mwa mtu. Sheria ya Musa iliwakataza Waisraeli kufuata wingi wa watu katika kupotosha hukumu. Na, jambo la ajabu, iliwakataza pia kumpendelea maskini kwa sababu ya umaskini wake. Hata huruma, ikikaa mahali pa haki, huharibu.

Sisi wa kanda hii ya ziwa hatuhitaji kusafiri mpaka Yerusalemu ili tuone umati ukihukumu. Ni bibi vizee wangapi waliouawa kwa mapanga kwa kuwa moshi wa kuni ulikuwa umewafanya macho kuwa mekundu, na kijiji kikakubaliana kwamba ni wachawi? Ni vijana wangapi waliochomwa moto kwa sababu mtu alipiga kelele ya mwizi, na baadaye ikajulikana kwamba mwizi alikwisha kukimbia? Kesi zile nazo zilikuwa na mashtaka, hukumu na adhabu, zote kwa dakika kumi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema: ngojeni, tumsikilize.

Ndugu zetu wenye ualbino walipouawa kwa ushirikina, taifa zima lilighadhibika, na kwa haki. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliwaita wananchi wapige kura za siri kuwataja waliowashuku. Nia ilikuwa kuwalinda wasio na mtetezi. Lakini karatasi ya siri hupokea jina la mwuaji na jina la jirani mliyegombania mpaka wa shamba kwa wino ule ule. Ilibaki kazi ya mahakama kupepeta. Mwezi wa Septemba mwaka ule, huko Kahama, Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua kijana mmoja mwenye ualbino, kwa ushahidi uliosikilizwa mbele ya watu wote. Kura haimhukumu mtu. Ushahidi ndio unaomhukumu.

Nje ya nchi zetu mambo si tofauti. Huko California mwaka 2016, hakimu mmoja alimpa mwanafunzi wa chuo kikuu cha fahari kifungo cha miezi sita kwa kumdhulumu mwanamke aliyekuwa hana fahamu. Naye akatumikia mitatu. Barua ya mwanamke yule, aliyoisoma mahakamani, ilisomwa na mamilioni duniani, na ilistahili kusomwa. Mwaka 2018 wapiga kura walimwondoa hakimu yule katika kiti chake. Wengi walishangilia. Nasi hatusemi kwamba adhabu ile ilikuwa nzuri. Twauliza swali moja tu: kesho yake asubuhi, hakimu mwenzake alipoketi mbele ya kijana mwingine, maskini, asiye na wakili wa kulipwa, alikuwa akiwaza kesi iliyo mbele yake au alikuwa akiwaza kura? Hasira iliyowashwa na mkosaji mwenye bahati hulipwa mara nyingi na mkosaji asiye na bahati.

Hasira hugeuka pia kuwa sheria. Jimbo hilo la California lilitunga mwaka 1994, baada ya mauaji yaliyowachoma watu mioyo, sheria ya kumfunga mtu miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu. Wenye kuitaka walikuwa wakiwafikiria wauaji. Mwaka 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile ilithibitisha kwa sheria hiyo kifungo cha mtu aliyeiba vifimbo vitatu vya mchezo wa gofu. Nasi tusicheke. Tanganyika mwaka 1963 ilitunga sheria ya adhabu za chini: kwa makosa kama rushwa na wizi wa ng'ombe, kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24. Watu waliipenda. Lakini sheria ya namna hiyo humfunga hakimu kabla ya kumfunga mwizi, maana humkataza kuangalia ni nani aliye mbele yake.

Kilele cha sheria za namna hiyo ni adhabu ya kifo ya lazima, ambayo chini yake jaji, akisha kuona kwamba mtu ameua kwa kukusudia, hana tena la kupima. Mahakama ya Juu ya Uganda iliikataa lazima hiyo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake. Ya Kenya ikaikataa kwa kosa la mauaji mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, kwamba adhabu hiyo ikiwa ya lazima yavunja haki ya uhai. Zote zilikuwa na hoja moja ya msingi: mtu asihukumiwe bila kusikilizwa juu ya adhabu yake. Basi, kama ni dhuluma mkosaji asisikilizwe, itakuwaje si dhuluma mama wa marehemu asisikilizwe? Anayeikubali hoja ya kwanza hana budi kuikubali ya pili.

Askofu wa Hipo

Karibu na mwaka 412, katika bara letu hili la Afrika, Kanisa lenyewe lilikuwa mwenye msiba. Watu wa kundi la Wadonati walimwua padre mmoja, Restituto, na mwenzake, Inosenti, wakamng'oa jicho na kumkata kidole. Wakakamatwa, wakakiri. Hakimu alikuwa Marselino, Mkristo na rafiki wa Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo. Sheria ya Kirumi iliruhusu kifo, na watu wa Augustino walikuwa wamezika.

Augustino alimwandikia hakimu barua. Hakusema jambo lile lisahauliwe. Hakuficha ubaya wake hata kidogo; alitaja jicho, alitaja kidole. Lakini aliomba wakosaji wasilipwe jicho kwa jicho, wala wasiuawe, bali wazuiwe wasidhuru tena na watiwe katika kazi yenye manufaa. Hakutaka mateso ya watumishi wa Mungu yalipizwe kwa mateso mengine.

Huo ndio mfano wetu, wasomaji wapenzi. Aliyedhulumiwa alisema ukweli wote wa jeraha lake; alisema mbele ya hakimu halali; naye aliomba adhabu ambayo ingemwacha mkosaji na nafasi ya kutubu. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyaeleza hayo kwa mpango: kuadhibu kwaweza kuwa fadhila, ikiwa nia ni kumrekebisha mkosaji, kuwatuliza wengine na kuilinda haki, lakini mtu akipendezwa na maumivu ya mwenziwe kwa kuwa tu ni maumivu, hiyo ni chuki, hata ikivaa joho la sheria. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko alibadili maneno ya Katekisimu, yakafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa heshima ya mtu haipotei hata baada ya makosa makubwa.

Lakini tuseme pia neno kwa ajili ya wenye msiba, maana sisi makasisi tumewakosea mara nyingi. Tumewaambia wasamehe kabla kaburi halijakauka. Msamaha haudaiwi kama kodi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimsamehe mtu aliyempiga risasi tarehe 13 Mei 1981, akamtembelea gerezani mwaka 1983. Hata hivyo mtu yule alikaa katika magereza ya Italia mpaka mwaka 2000. Msamaha wa moyo haukufuta hukumu ya mahakama, wala hukumu ya mahakama haikuuzuia msamaha. Mama wa Mtakatifu Maria Goretti alimsamehe muuaji wa binti yake. Lakini muuaji yule alikuja kumwomba msamaha baada ya kutumikia miaka 27 ya kifungo chake cha miaka 30. Miaka 27! Kanisa halikumharakisha mama yule. Nasi tusimharakishe mama yeyote.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kwa mahakimu na majaji wanaosoma gazeti hili. Tunawaomba, kabla ya kutamka adhabu, mtafute njia ambayo sheria inawaruhusu ya kumsikia mwenye msiba, hata kwa maneno machache. Tena mkisha kuamua, elezeni sababu kwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini atakielewa. Kwa miaka mingi jaji wa Mahakama Kuu aliketi na wazee wa baraza, akawauliza maoni, lakini hakufungwa nayo. Roho ya desturi ile ilikuwa njema: kusikiliza bila kutawaliwa. Adhabu isiyoelezwa huonekana imenunuliwa, na watu wanaoamini kwamba haki inauzwa ndio wanaookota mawe.

Pili, kwa wale wanaoandika na kupeleka habari, kuanzia na sisi wenyewe. Mtu aliyeshtakiwa ni mshtakiwa, si muuaji, mpaka mahakama iseme. Tulimkosea kijana yule na mama yake, na tunaomba radhi hapa hapa tulipokosea, mbele ya wasomaji wote. Nawe msomaji mwenye simu mkononi, unaposambaza picha ya mtu aliyefungwa kamba ukaandika chini yake maneno ya kumlaani, umeketi katika kiti cha hakimu bila kusikia upande wowote.

Tatu, kwa raia wote. Dai mlango wa mahakama ufunguliwe. Dai polisi wapeleleze, mashahidi walindwe, kesi isiuzwe, nyasi zisigeuzwe kuwa adhabu ya kunajisi. Hayo ni haki yako na wajibu wako. Lakini mlango ukisha kufunguka, mwachie mwenye mizani apime. Ukiona amekosea, iko rufani.

Nne, kwa parokia. Mtu anapouawa, sisi humzika kwa heshima, tukala ugali wa msiba, tukatawanyika. Siku ya kesi mwenye msiba huenda peke yake kwa basi la alfajiri. Kuanzia sasa tunaomba kila kigango kichague watu wawili wa kumsindikiza: wakae naye mahakamani, wamweleze kinachosemwa, wamrudishe nyumbani. Na wawili wengine waende gerezani. Wasiwe wale wale, ikiwa hawawezi. Lakini wote watoke katika jumuiya moja, kwa maana Bwana wetu atatuuliza juu ya wafiwa na juu ya wafungwa siku moja.

Tulimsomea mama wa marehemu maandishi haya kabla hayajachapwa, kwa kuwa ni habari yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema miaka minane bado anaiona michache, nasi tuandike hivyo, tumeandika. Alisema hajasamehe bado. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba mjukuu wa yule mama mwenzake ameanza kutembea. Tukamwambia ni kweli. Hakusema zaidi, akachukua kanga yake, akaenda.

Jumapili iliyopita walikuwepo wote wawili kanisani, kila mmoja katika benchi yake. Kati yao palikuwa na safu nne. Tuwaombee, wala tusiwasukume.

Tumsifu Yesu Kristu.

Mhariri